Rosa pulverulenta: waridi la milimani linalonukia msonobari

Anayelitaka waridi hili kwa ajili ya maua atajuta. Huchanua mara moja tu kwa mwaka, mnamo Juni: maua madogo ya rangi ya waridi yenye petali tano, yasiyodumu. Unacholipia ni majani. Yamejaa tezi ndogo zenye utomvu juu na chini; ukiyapapasa, vidole vinanata na harufu ya msonobari inakujia. Jua likiwaka baada ya mvua, huhitaji hata kuyagusa. Kwa mwenye bustani ya mawe tunalipatia nyota nne kati ya tano. Moja tumeikata kwa sababu ya miiba, maana kupalilia chini yake bila glavu ngumu ni adhabu.

Kwenye orodha za vitalu vya Ulaya bado utalikuta kwa jina la zamani, Rosa glutinosa. Ni lilelile. Angalia tu usiuziwe Rosa rubiginosa, ambayo nayo majani yake yananukia. Hiyo hunukia tufaha na hupita mita 2, wakati pulverulenta kwa kawaida huishia chini ya mita 1. Kwa hiyo nusa kwanza, lebo baadaye.

Mche wa mizizi mitupu, unaouzwa kati ya Novemba na Machi, ni nafuu kuliko wa chungu na mizizi unaiona kwa macho. Ukiweza, kataa mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la waridi jingine. Shina la chini hutoa machipukizi yenye nguvu, na usipoyawahi yatalifunika waridi lenyewe. Yang'oe kwa mkono pale yanapotokea mzizini. Ukiyakata kwa mkasi yanarudi mengi zaidi.

Kwao ni miteremko ya mawe ya chokaa, kuanzia Italia ya kusini na Ugiriki hadi Uturuki na Lebanoni: baridi kali, kisha kiangazi kikavu. Ndiyo maana kinacholiua bustanini mara nyingi ni maji, si ukame. Loweka mizizi saa mbili, chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, na kama udongo ni mfinyanzi changanya theluthi moja ya kokoto. Samadi acha kabisa, kwa kuwa hurefusha matawi laini yanayoshikwa na ukungu. Mwagilia lita 10 siku ya kupanda, kisha mara moja kwa wiki kiangazi cha kwanza tu. Kupogolea ni kutoa matawi makavu na mazee, basi. Kwa mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam, okoa pesa yako: bila msimu wa baridi halipati mapumziko yake.

Mbegu ni za wenye subira. Zinataka wiki 8 hadi 12 za joto la nyuzi 20 kwenye mchanga mbichi, halafu wiki 12 kwenye friji kwa nyuzi 4, na bado nyingine hungoja mwaka wa pili.

Usikate maua yaliyonyauka, utakosa matunda. Huiva kwenye vuli, mekundu yenye vinyweleo vinavyonata. Kabla ya kuyachemsha, yapasue na kukwangua mbegu pamoja na manyoya ya ndani, kisha chuja kwa kitambaa kizito. Chujio la chai hupitisha manyoya hayo, nayo hukereketa koo.