Bustani ya wanyama ya mjini: kukarabati au kuhama?

Uingereza kuna mifano miwili ya bustani kongwe za wanyama zilizotaka kukua. London imeamua kubaki Regent's Park, ilipo tangu 1828, kwenye ekari 36 tu. Hujenga upya kipande kwa kipande. Makazi mapya ya simba yalifunguliwa 2016. Tatizo ni kwamba majengo yake kadhaa yanalindwa kisheria kama urithi. Bwawa la pengwini la 1934, lenye njia za zege zilizopindana kama skrubu, halina pengwini tangu 2004: wanyama halikuwafaa, na kulivunja si jambo la kuamka asubuhi ukafanya. Tembo nao walihamishiwa Whipsnade, nje ya jiji, mwaka 2001.

Bristol ilikata shauri jingine. Mwaka 2022 ilifunga bustani yake ya Clifton, ya tangu 1836, yenye ekari 12, ikahamia kwenye ekari 136 pembezoni mwa mji. Nafasi ipo, tena tele. Ila aliyezoea kwenda kwa miguu na watoto sasa atafute usafiri.

Kwa wanyama wakubwa, kura yangu naipa Bristol. Kwa vyura na wadudu, sioni sababu ya kuhama.