Faharasa ya GRO na ukoo wa Lancashire: uzoefu wangu

Watoto wangu, kwa upande wetu wa Tanga, wana shangazi wa kuwatajia wazee wao mmoja baada ya mwingine. Kwa upande wa baba yao, Mwingereza wa Lancashire, wazee waliokuwa wakijua wameshafariki, na kilichobaki ni karatasi. Nimetumia tovuti kadhaa kuzifuata, za bure na za kulipia. Iliyonifaa kuliko zote ni faharasa, yaani orodha ya majina, ya Ofisi Kuu ya Usajili ya Uingereza na Wales, GRO.

Kutafuta ndani yake ni bure, mradi ufungue akaunti. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo Uingereza na Wales ulianza Julai 1837. Katika faharasa za zamani zilizochapishwa, jina la ukoo alilozaliwa nalo mama linaonekana kuanzia 1911 tu. GRO wamelitoa kwenye madaftari yenyewe na kulirudisha hadi 1837. Kwenye majina kama Taylor, yaliyojaa Lancashire, usipojua mama alitoka ukoo gani huwezi kutenganisha watoto wa nyumba moja na wa jirani.

Fundo letu lilikuwa babu yake mama mkwe. Sensa ya 1881 inamtaja kuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, ana miaka 8, anatumia jina la baba wa nyumba. Lakini sensa ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wamekaa miaka mingapi katika ndoa waliyo nayo, na watoto wangapi wamezaliwa humo. Mama yake alijibu 33. Basi ndoa ni ya 1878, na kijana alikuwa ameshazaliwa.

Nikarudi GRO. Wadogo wawili walikuwapo, jina la kwao mama limeandikwa. Wakubwa wawili hawakuwapo. FreeBMD, tovuti ya watu wanaojitolea, huonyesha waliofunga ndoa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na pale yule mama ameolewa kwa jina jingine kabisa, si la kwao. Alikuwa mjane. Nilipotafuta kwa jina hilo la marehemu, wakubwa wote wawili wakatokea, mama yao yule yule.

Sheria ya kuasili mtoto haikuwapo Uingereza hadi 1926. Baba wa kambo alilea, watoto wakachukua jina lake, na hakuna karatasi iliyohitajika. Mama mkwe alipoelewa kwamba jina alilozaliwa nalo ni la mlezi, aliniomba nimwandikie jina la yule mume wa kwanza kwenye kadi, akae nalo. Mimi naona ukoo wake umeongezeka, haukupungua. Aliyewalisha watoto wasio wake katika miaka ile ya viwanda vya pamba anastahili kutajwa na wajukuu.

Fomu ile ya sensa ya 1911 ilisema pia kwamba watoto wengine wawili wa ndoa ya pili walifariki. Hakuna katika familia aliyewahi kusikia habari zao. Faharasa ya vifo ya GRO inatoa umri, nikawapata: mmoja alikuwa na umri wa 0, yaani hakufikisha mwaka, mwingine miaka 2. Sasa wamo kwenye nasaba kwa majina yao, na kwangu hilo peke yake lilitosha kulipia kazi yote.

Kuhusu malipo: picha ya mstari kutoka daftarini nililipia paundi 3, wakati cheti kamili ni 12.50. Picha hizo zipo kwa vizazi vilivyopita miaka 100, na vifo vya 1837 hadi 1887. Kwa utafiti zinatosha.

Tovuti moja ya kulipia ilikuwa na nasaba zetu zilizopandishwa na watu, zote zikimpa kijana yule baba wa kambo kuwa mzazi, kila mmoja amenakili kwa mwenzake. Ila humo humo nilimpata ndugu wa mbali wa mume wangu aliye Canada. Nilimtumia kwanza tawi lake nililokuwa nimelikamilisha, ndipo nikauliza. Alikuwa na kadi ya maziko ya yule mume wa kwanza, yenye tarehe na makaburi aliyozikwa.

Scotland haimo kwenye GRO. Usajili wa kule ulianza 1855 na una ofisi yake, kwa hiyo binti wa nyumba hii aliyeolewa Glasgow ninamfuata kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, ambako kufungua picha hulipiwa.