Sauti ya spika sita kwenye DVD ya nyumbani: pesa iende wapi kwanza

Boksi la Kariakoo lililoandikwa "5.1" linakuhakikishia kitu kimoja tu: ndani kuna spika tano na sabufa. Kama sauti itakuzunguka kweli sebuleni, hilo linategemea kifaa kilichopo kati ya diski na spika, kile kinachofungua sauti ya AC-3 (Dolby Digital) na kuigawa katika njia sita, moja kwa kila spika. Kwa hiyo kwa yeyote anayetaka kujichomea DVD ya harusi, kipaimara au kwaya, ushauri wangu ni huu: kazi ya kugeuza sauti ifanye bure kwa kompyuta uliyonayo, na pesa yote ipeleke kwenye kifaa cha kuifungua.

Namba moja kwangu ni risiva ya mtumba (amplifaya ya spika nyingi, si ile ya dishi) yenye alama ya Dolby Digital usoni, ukiiunganisha na deki ya kawaida yenye tundu la kutolea sauti ya dijitali, "coaxial" (waya wa kawaida) au "optical" (waya wa mwanga). Risiva ina nguvu ya kutosha, spika unachagua mwenyewe, na ikiharibika fundi ana pa kuanzia. Nyingi zina pia Pro Logic II, mfumo wa Dolby unaoitawanya sauti ya stereo kwenye spika zote kwa ustadi kuliko programu yoyote ya bure ninayoijua. Ila soma lebo ya nyuma kabla ya kutoa pesa. Iliyoandikwa 100 V ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, 120 V kwa ajili ya Marekani. Umeme wetu ni 230 V. Bila transfoma ya kushusha umeme, utaiunguza mara ya kwanza unapoichomeka.

Ukishaunganisha, ingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya SPDIF (sauti ya dijitali inayotoka kwenye deki), uchague RAW au Bitstream. Deki nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa kwenye PCM (sauti isiyobanwa), na hapo waya hupitisha njia mbili tu. Watu wengi hurudisha risiva nzima dukani wakidhani ni mbovu kwa sababu ya mpangilio huo mmoja.

Namba mbili ni homu theta kamili yenye deki yake ndani. Ni rahisi kufunga na AC-3 inaifungua yenyewe. Ubaya wake ni kwamba lenzi ikifa, umebaki na spika ambazo mara nyingi zina plagi za pekee zisizoingia kwingine.

Namba tatu: seti ya sabufa na spika zake yenye matundu sita ya kuingizia sauti, pamoja na deki yenye matundu sita ya kutolea. Hapa deki ndiyo inayofungua. Kama deki yako haina matundu hayo, kuna kiboksi kidogo cha Kichina kinachopokea waya wa mwanga na kutoa njia sita, kinafaa.

Ya mwisho ni seti ya sabufa ya "5.1" yenye matundu mawili tu nyuma, jekundu na jeupe. Hiyo inarudia stereo ile ile kwenye spika zote. Kwa muziki wa sebuleni haina ubaya, lakini kwa kazi hii usiinunue.

Sasa programu. FFmpeg (ya kugeuza sauti), Audacity (ya kuhariri sauti) na DVDStyler (ya kutengeneza DVD) ni za bure na zinatosha. Hataza za AC-3 zilikwisha mwaka 2017. Kikomo cha AC-3 kwenye DVD ni kilobiti 448 kwa sekunde, na sauti lazima iwe ya 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde), wakati ile ya CD ni 44.1. Ukiwa na faili la WAV la njia sita, amri ni hii:

ffmpeg -i harusi.wav -c:a ac3 -b:a 448k -ar 48000 harusi.ac3

Mpangilio wa njia ndani ya WAV uwe mbele kushoto, mbele kulia, katikati, sabufa, nyuma kushoto, nyuma kulia. Ukikosea, sauti ya MC itatokea mgongoni. Kisha kwenye DVDStyler chagua "copy" kwa sauti, isije ikageuzwa mara ya pili.

Kwa nini AC-3? Saa mbili kwa kilobiti 448 huchukua kama MB 400. Njia sita za PCM ya biti 16 zingekula zaidi ya GB 4 kwenye diski ya GB 4.7, na picha ingebaki bila nafasi. DTS, mfumo mwingine wa kubana sauti ya njia nyingi, inasikika vizuri, lakini si kila deki inaifungua. AAC iliyomo kwenye video za simu haimo kabisa katika kanuni za DVD.

Ubora wenyewe lakini huanzia ukumbini. Video iliyorekodiwa kwa maiki moja ya kamera iache stereo, kilobiti 192, na risiva itaitawanya. Ukitaka mzunguko wa kweli, chukua waya kutoka kwenye mikisa ya DJ kwa ajili ya muziki, maiki ya MC iende katikati, na uache kinasa sauti kidogo nyuma ya ukumbi. Hicho cha nyuma ndicho kinachobeba vigelegele, makofi na viti vinavyosogezwa, na ndicho kitakachomrudisha bibi ukumbini akiwa amekaa kwenye kochi Mbagala. Piga kofi moja kubwa mbele ya vinasa vyote mwanzoni ili uvilinganishe baadaye. Njia ya sabufa iwekee ngoma na besi tu, chini ya 120 Hz.

Kabla ya kwenda dukani, choma diski ya majaribio yenye sauti yako ikitaja kila spika kwa zamu: mbele kushoto, katikati, nyuma kulia. Tumia DVD-R, ambayo deki za zamani huisoma kwa urahisi kuliko DVD+R, na uchome kwa mwendo wa 4x. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mtambo unaoutaka. Kama "nyuma kulia" inasikika kila mahali, mshukuru na uende duka linalofuata.