Kitubio cha Jumamosi jioni: kinachofaa na kinachokwamisha

Kuungama ni bure. Hakuna kadi ya zaka wala barua ya jumuiya inayotakiwa, na mtu akiombwa vitu hivyo kabla ya kuingia kwenye kiti cha maungamo, asikubali kurudi nyumbani na dhambi zake. Tunachopima hapa ni Sakramenti ya Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre katika Kanisa Katoliki, kama inavyotolewa katika parokia nyingi za mijini Tanzania: Jumamosi jioni, Jumapili kabla ya Misa, na maungamo ya Kwaresima, pale mapadre wa dekania (kundi la parokia jirani) wanapokusanyika parokia moja.

Jumamosi ndiyo bora. Jumapili padre huwa na nusu saa tu. Kila mtu akitumia dakika 3, wanahudumiwa 10, na wa 11 anasikia wimbo wa kuingia angali kwenye foleni. Mwenye jambo zito analikatisha kwa kuwaonea haya walio nyuma yake. Jumamosi padre ana nafasi ya kuuliza swali na kusubiri jibu. Kwaresima mapadre ni wengi, ila wiki ya mwisho watu hufurika. Nenda wiki ya pili au ya tatu.

Kuhusu kiti, kanuni ya 964 ya Sheria za Kanisa inataka pawepo daima viti vya maungamo mahali pa wazi, vyenye wavu imara kati ya padre na muungamaji, kwa yeyote anayetaka kuvitumia. Parokia inayoweka viti viwili vya plastiki uso kwa uso, basi, inawanyima haki wenye aibu, nao ndio wanaohitaji huduma hii kuliko wote. Kasoro nyingine ni sauti. Plaiwudi nyembamba hupitisha kila neno, kwa hiyo foleni ianzie mbali, angalau mita 4. Kwaya ikifanya mazoezi upande wa pili wa kanisa inasaidia sana. Tena Sala ya Kutubu ibandikwe usawa wa macho ya aliyepiga magoti, kwa maandishi makubwa. Wengi huanza vizuri, "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako", wakifika "wachukizwa na dhambi" wanapotea, kisha hofu ya kukosea sala inafunika majuto yenyewe.

Upande wa muungamaji, kazi kubwa hufanyika kabla ya foleni. Kaa robo saa, pitia Amri 10 moja moja, na dhambi za mauti, yaani zile nzito, uzijue kwa aina na idadi. "Nimekosa mambo ya kawaida" haimsaidii padre kutibu chochote. Wala "mume wangu ananikasirisha": hiyo ni dhambi ya mume, mwachie aiungame mwenyewe. Ukisahau dhambi bila kukusudia, imeondolewa pamoja na nyingine. Itaje safari ijayo. Ukiificha makusudi, maungamo yote ni batili na utayarudia. Aliyeiba arudishe mali, na padre anaweza kumsaidia kuirudisha bila jina lake kutajwa. Malipizi, yaani sala au tendo aliloagiza padre, yatimizwe siku hiyo hiyo, maana yakilala husahaulika.

Hotuba ndefu haihitajiki. Katika Luka 15 mwana mpotevu anatunga maneno yake kule kwenye nguruwe, na mwishoni anaweka ombi la kufanywa mtumishi (aya ya 19). Akifika mbele ya baba anaanza kuyasema, lakini aya ya 21 inaishia kabla ya ombi hilo. Baba alishamwona angali mbali, akamkimbilia, akamkumbatia; sasa anaagiza vazi, pete na viatu, habari ya utumishi haina mahali pa kuingia. Muungamishi, yaani padre anayeungamisha, anayemwiga baba huyu hakemei. Anasikiliza, anauliza machache, anaondolea. Na akisema, "Nami nakuondolea dhambi zako", zimeondoka. Kuendelea kuungama dhambi ile ile kila mwezi kwa kuhofia kwamba haikusamehewa ni kumkatalia baba asikuvike pete.

Tatizo linaloumiza zaidi ni la walio kwenye uchumba sugu, yaani wanaoishi kama mume na mke bila ndoa ya Kanisa. Wanapanga foleni, wanafika kitini, wanaambiwa hawawezi kuondolewa dhambi hadi wairekebishe hali yao, wanatoka wakilia mbele za watu. Tangazo moja la Jumapili lingetosha: wenye hali hiyo wamwone padre ofisini, wakae naye saa nzima, waanze njia ya ndoa. Wengi huzuiwa na mahari isiyokamilika au gharama za sherehe. Kuhusu mahari, wazazi wanaweza kuzungumzwa nao, na Misa ya asubuhi yenye mashahidi 2 hufunga ndoa bila ukumbi wala keki. Kunyamaza kwa parokia kunawafanya waamini kwamba Mungu amewachoka, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Kuhusu siri, padre hawezi kutoa lolote, si kwa askofu wala mahakamani. Kuungama kwa simu au WhatsApp hakufai. Ni ana kwa ana.

Aliyekaa mbali miaka 20 asihangaike kukumbuka utaratibu. Apige magoti aseme, "Padre, sijaungama miaka 20, nisaidie." Muungamishi mzuri atampitisha amri moja baada ya nyingine, yeye akijibu ndiyo au hapana, na watu wa foleni watasubiri.