Daktari aliyembadilishia mama goti

Jamani huyu daktari wa mifupa hapa Dar aliyembadilishia mama goti nampa nyota nne. Kwanza hakukimbilia kisu, aliagiza eksirei mama akiwa amesimama, akatuonyesha gegedu, ile tabaka laini kati ya mifupa, lilivyoisha mfupa unasagana na mfupa, akasema wazi goti la bandia ni chuma na plastiki, mengi yanadumu miaka 15 hadi 20 na zaidi, ila mazoezi ndo kazi yenyewe. Na kweli bwana, kesho yake tu mama kasimamishwa na woka, kile kifaa cha kushikilia ukitembea, huku analia, wale wa fizio, wa mazoezi ya viungo, hawana huruma kabisa. Saa hizi anapanda daladala mwenyewe, kuswali tu ndo bado kwenye kiti. Nyota moja nimekata sababu anaongea haraka mno, nendeni na mtu wa kuandika.