Tsavo Mashariki kwa Anayetokea Malindi

Kwa sisi wakazi wa Malindi, Mbuga ya Taifa ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ni safari ninayoipendekeza bila kusita, kwani barabara ya kuelekea bara hutufikisha Lango la Sala asubuhi ile ile, na Mto Galana unaopita humo ndio unaomwaga maji baharini karibu na mji wetu kwa jina la Sabaki.

Ndovu wa huku ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka. Kando ya mto tulimtazama jike akizoa vumbi kwa mkonga na kujimwagia mgongoni, kisha akamnyunyizia mwanawe aliyejibanza chini ya tumbo lake, mpaka wote wawili wakafanana na kichuguu kilichokuwa nyuma yao. Hilo peke yake lilitosha kulipia safari.

Ndege nao, ambao ni zaidi ya spishi 500, wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Dereva wetu, mtu mwenye adabu na anayeijua njia, aliharakia simba akawapita mbuni na kanga wenye vifua vya samawati. Kwa hiyo patana na kampuni mapema kwamba mtasimama. Chukua darubini, hasa kati ya Novemba na Aprili, wanapokuwapo wahamaji kutoka Ulaya. Kiingilio hulipwa kwa mtandao, si kwa fedha taslimu.