Soko la samaki Feri, Dar: wahi asubuhi

Kama uko Dar na unataka samaki freshi achana na supamaketi, panda basi la mwendokasi la Kivukoni ushuke kituo cha mwisho, soko liko karibu na pantoni la Kigamboni. Ukiwahi unakuta mnada, changu, kibua, jodari, ila mnada ni wa wenye mitaji kwahiyo we unayetaka kilo mbili nunua kwa wachuuzi pembeni na ubageini kweli, bei ya kwanza ni ya wageni hiyo. Akikwambia wa leo, fungua mashavu, ndani pawe pekundu. Vijana wa kuparua wapo, elewaneni bei kabla hajashika kisu. Chini maji tupu, raba nyeupe acha nyumbani. Ila wakaangaji ndo wananimaliza, pweza wa moto na ndimu aisee! Simu weka mfuko wa mbele.